Muziki Shuleni Si Kupoteza Wakati

Wengi huku kwetu Kibabii hudhani kwamba muziki katika shule ya msingi ni kuimba tu ili watoto wachangamke. Sivyo hata kidogo! Muziki ni somo lenye hatua zake.

Hatua ya kwanza ni mapigo. Mtoto hupiga makofi na kutembea akifuata ngoma mpaka mwili uzoee. Hapa Bungoma mwalimu hana haja ya kutafuta mbali. Kila mwaka wa shufwa, kama vile 2024, vijana wa Kibukusu wanaokaribia kutahiriwa huenda kuwaalika jamaa wakipiga chinyimba, yaani vile vyuma vya mikononi. Hata mtoto mchanga huyajua mapigo yake.

Ya pili ni sikio. Mtoto hutofautisha sauti ya juu na ya chini kwa do, re, mi. Njia hii ilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Kila sauti ina ishara yake ya mkono, kwa hivyo hata darasa lisilo na kinanda hujifunza vizuri.

Ya tatu ni ala. Litungu letu lina nyuzi 7 na ngozi iliyowambwa. Uzi ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Kumbe hapo mtoto amesoma sayansi pia!

Mbona basi hatua hizi zilirukwa? Manake kwa miaka mingi muziki haukutahiniwa katika KCPE, hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tuliofunga mlango. Katika shule niliyosomea, ngoma zilitoka stoo wakati wa tamasha peke yake. Wachache waliochaguliwa waliimba, sisi wengine tukawa watazamaji.

Wadogo zetu wana bahati. Katika mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019, muziki umo ndani ya Sanaa Bunifu. Lakini ngoma ya kitabuni hailii. Wazee wanaojua litungu wapo vijijini, na umri unakwenda. Naomba shule ziwaalike madarasani sasa, wafunze watoto wote, si wa tamasha tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nami naongeza: na mkunjaji naye awe angali hai.