Karoti Gani Upande Nyumbani? Muulize Kwanza Udongo Wako

Umewahi kung'oa karoti ukakuta ina miguu miwili kama suruali? Mimi nimewahi. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipanda Nantes nyuma ya nyumba niliyopanga, kwenye udongo wa mfinyanzi mtupu. Nilingoja miezi mitatu, nikavuna vitu vilivyopinda ambavyo hata kumenya ni kazi. Nikailaumu mbegu. Kumbe mbegu haikuwa na kosa.

Iko hivi: karoti tunayokula ni mzizi mkuu. Katika wiki chache za mwanzo, mzizi huo ukiwa mwembamba kama uzi, unashuka chini kujipatia urefu. Kunenepa kunakuja baadaye. Ncha yake ikigonga jiwe au bonge gumu ikaumia, karoti inagawanyika. Ndiyo maana pia mbegu hupandwa moja kwa moja shambani, bila kuhamisha miche.

Sasa tulinganishe aina nne.

Nantes ni ya mviringo ulionyooka, ncha butu, sentimita 15 hadi 18. Ni tamu, kiini chake chembamba, nzuri kutafuna mbichi. Inataka udongo laini.

Chantenay ni fupi, nene juu, inachongoka chini, sentimita 12 hadi 15. Inavumilia udongo mzito au wenye kina kifupi.

Kuroda ilitoka Japani. Inastahimili joto kuliko Nantes, kwa hiyo mkazi wa maeneo ya joto aanze nayo.

Imperator ni ndefu, sentimita 20 na zaidi. Bila kichanga chenye kina, achana nayo.

Utajuaje ya kwako? Mvua ikishanyesha, chukua fito nyembamba uisukume ardhini kwa mkono. Ikikwama kabla ya sentimita 20, panda Chantenay, au inua tuta na uondoe mawe. Weka samadi iliyooza vizuri tu, maana samadi mbichi nayo husababisha karoti kugawanyika. Miche ikiota, ipunguze ibaki kama sentimita 5 kati ya mche na mche.

Msimu uliofuata nilipanda Chantenay palepale. Zilitoka fupi, lakini zimenyooka, na zilitosha pilau ya nyumba nzima. Basi, kabla hujavutiwa na picha ya kwenye pakiti, jaribu fito kwanza. Halafu utuambie: imekwama sentimita ngapi?