Lisansi mbele, gradua nyuma: umalize au uruke?



Kama uko na mtoto anayesoma Goma, labda umeisha kusikia maneno haya: «Papa, juu ya nini nitoe tena feza ya diplome ya gradua? Niko nafanya lisansi. Siku nitamaliza, diplome kubwa itafunika ile ndogo.» Na wewe unayechimba koltani kule Rubaya, au kasiterite kule Walikale, unakuna kichwa. Feza ni ya jasho lako. Je, mtoto anasema kweli?

Jibu letu ni hili: asonge mbele, ndiyo, lakini ngazi aliyoisha kuifikia aifunge vizuri, na karatasi iwe mkononi. Tuone sababu zake. Tutaona pia wakati ambapo si lazima.

NGAZI YA ZAMANI NA NGAZI MPYA

Kwa miaka mingi masomo ya juu kwetu yalikuwa na ngazi mbili. Baada ya diplome ya serikali, ile tunayoita D6, mwanafunzi alisoma miaka 3: G1, G2, G3. Akapata gradua. Aliyetaka kuendelea aliongeza miaka 2, L1 na L2, akapata lisansi. Jumla miaka 5. ISC, ISP na ISTM za Goma, ULPGL iliyoanza mwaka 1985, na UNIGOM iliyozaliwa mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, vyote vilipita njia ile.

Halafu ikaja sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014. Ilifungua mlango kwa mfumo mwingine, LMD, maana yake lisansi, masta na doktora. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wizara iliagiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanze katika LMD. Lisansi ya LMD ni miaka 3, yenye krediti 180. Masta ni miaka 2 mingine, krediti 120. Gradua haimo tena.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa sababu jina ni moja na vitu ni viwili. Lisansi ya zamani ni miaka 5. Lisansi mpya ni miaka 3, muda uleule wa gradua. Kwa hiyo mtoto akikuambia «niko lisansi», umuulize kwanza: lisansi gani? Mwajiri anayetaka mtu wa miaka 5 baada ya diplome ya serikali hatatosheka na lisansi mpya peke yake, ataomba masta.

MBELE YA MEZA YA MWAJIRI

Tumfikirie kijana aliyefanya masomo yote ya G3, lakini hakuandika kazi yake ya mwisho, ile TFC, au aliiandika na hakwenda kudefanda. Au alifaulu kila kitu, akaingia L1, na diplome ya gradua hakuitafuta. Sasa ameisha soma miaka minne. Kazi inatangazwa: wanaomba G3. Yeye ataonyesha nini? Diplome ya serikali tu. Miaka minne ameisoma, lakini mbele ya meza ile yeye ni D6, sawa na siku alipotoka shule ya sekondari.

Kwetu karatasi ndiyo inayopanga mtu. Mwalimu anahesabiwa D6, G3 au L2. Muuguzi ni A2 akitoka shule ya sekondari ya uuguzi, A1 akiwa na gradua, A0 akiwa na lisansi. Hakuna daraja linaloitwa «alikaribia kumaliza». Muuguzi wa A2 aliyesoma ISTM bila kuchukua karatasi yake ya A1 anaweza kubaki miaka katika daraja la chini, na watoto wake wanakula kwa daraja lile.

Gradua si kitu cha kupitia tu. Ni diplome kamili ya kazi. Mwenye nayo anaweza kufundisha madarasa ya chini ya sekondari, kushika hesabu za duka au kuhudumia wagonjwa, huku akijilipia lisansi mwenyewe. Hapo wewe mzazi unapumua kidogo.

BARABARA YETU INAKATIKA

Mahali penye amani na feza ya kila mwezi, mtu anaweza kusema: nitachukua zote siku ya mwisho. Lakini sisi tunajua namna barabara inavyokatika huku.

Septemba 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ruhusa ilirudi Machi 2011. Miezi ile, nyumba nyingi za wachimbaji zilikosa minervale. Novemba 2012, Goma iliingiliwa na M23. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye watu wa mitaa mingi waliamriwa kukimbia. Mwisho wa Januari 2025, M23 iliingia tena mjini, na benki zilifunga milango. Waliosoma katika miaka hiyo wanajua: huwezi kuahidi kwamba L2 itafika siku uliyoipanga.

Aliyekatiwa njia na gradua yake mkononi amebaki na kitu. Anaweza kwenda nayo Bukavu, Kisangani, Kampala au Bujumbura, na kuomba kuendelea. Aliyekatiwa njia bila karatasi, hadithi yake haina mshahidi.

Tukumbuke pia tarehe 17 Januari 2002. Moto wa volkano ulipita katikati ya mji, na nyumba ziliungua pamoja na vyote vilivyokuwa ndani.

NA KULE MBALI?

Ndugu zetu wengi waliotoka kambi za wakimbizi wanaishi leo Marekani, na swali hili wanalikuta kule. Kuna diplome ya miaka 2, yenye krediti kama 60, na ile ya miaka 4, yenye krediti kama 120. Wengine wanahamia chuo cha miaka 4 kabla ya kumaliza ile ya kwanza. Waliona hasara yake: mtu akishindwa katikati, anabaki mikono mitupu. Kwa hiyo katika majimbo mengi mwanafunzi anaruhusiwa kurudisha krediti alizopata kwenye chuo kikubwa, ili chuo cha kwanza kimpe diplome yake ndogo. Nchi tajiri imeona faida ya kutouacha mlango wa nyuma wazi. Sisi je?

WAKATI SI LAZIMA

Wengine watakukumbusha methali: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli. Kwa hiyo tutofautishe.

Aliyebakiza TFC tu, amalize. Ni kazi ya miezi. Kuiacha na kuanza LMD toka mwaka wa kwanza ni kulipa miaka 3 mipya kwa karatasi yenye muda uleule.

Aliyefaulu G3 na anaendelea na L1 au L2, asisome kitu tena: afuate diplome yake tu. Zinakawia kutoka, kwa hiyo aanze kuuliza sasa.

Lakini aliyeanguka katika G1 au G2 ana hali nyingine. Nyuma yake hakuna tena promosyo ya mfumo wa zamani inayokuja. Huyu inaweza kumfaa zaidi kuingia LMD. Kabla ya kulipa, aombe chuo kimwandikie ni masomo mangapi watamhesabia. Neno la mdomo ofisini halitoshi. Vilevile aliyebadilisha njia kabisa, kwa mfano ameacha uchumi akaenda uuguzi, asijitese kwa karatasi ambayo haitamfungulia kitu. Na kama chuo chenyewe hakitambuliwi na serikali, usiongeze hata franga moja.

FANYENI HIVI

1. Kila mwaka ukiisha, mtoto achukue karatasi ya pointi za mwaka ule. Asingoje mwaka wa mwisho.

2. Muangalie majina: jina, jina la pili na la ubatizo ziandikwe namna moja kuanzia diplome ya serikali. Herufi moja ikipotea inaweza kusumbua miaka.

3. Mulinde risiti na bordero zote za malipo. Chuo kikisema bado uko na deni, ndizo zitakazosema.

4. Muhesabu mapema gharama za TFC: kuchapa, kufunga kitabu, safari za kumwona mwalimu anayemwongoza. Likelemba ya akina mama inaweza kupangwa ili zamu yenu iangukie mwezi ule.

5. Mupige picha ya kila karatasi kwa simu, na kuituma kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kopi yenye muhuri iwekwe mahali tofauti na ile ya kwanza.

Mzazi, jioni ya leo, au siku mtoto atapiga simu, usimuulize tu «masomo inaendelea?» Atakujibu ndiyo. Umuulize hivi: «Kama masomo ingesimama kesho, ungekuwa na karatasi gani mkononi?» Akinyamaza, basi munajua feza ya mwezi ujao itaanzia wapi.