Kodi Gani, Mwanangu?



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno yanayotumiwa na simu na kompyuta pale zinapotuuliza siri zetu. Tumelazimika kuliandika kwa sababu ya yaliyotaka kumfika mama mmoja wa jumuiya yetu, hapa mashariki ya London, alipokuwa akitafuta nyumba ya kupanga.

Wakala wa nyumba alimwandikia kwamba anahitaji "code" yake. Binti yake, mwenye umri wa miaka 12, ambaye ndiye mkalimani wa nyumba nzima, akausoma ujumbe na kusema, "Mama, wanataka kodi." Mama akashangaa: "Kodi gani, mwanangu? Nyumba yenyewe hata hatujaiona!" Wakacheka. Binti akafafanua kuwa si fedha, bali ni namba fulani. Basi wakaifungua akaunti ya uhamiaji ya mama, na mara simu ikalia. Ujumbe mfupi umeingia wenye tarakimu 6. Wakaona kazi imekwisha. Mama alikuwa ameanza kuinakili namba ile amtumie wakala, ndipo jirani aliyekuja kumjulia hali akamwambia, "Dada, ngoja kwanza."

Namba ile siyo aliyoombwa. Tangu kadi za ukaazi zilipoanza kuondolewa, ambazo nyingi ziliandikwa kuwa mwisho wake ni 31 Desemba 2024, ruhusa zetu za kuishi nchini Uingereza huwekwa katika kumbukumbu za elektroniki ziitwazo eVisa. Ili kuiona ruhusa yako, waulizwa namba ya pasipoti au ya hati nyingine uliyojiandikishia, kisha tarehe yako ya kuzaliwa, kisha waletewa namba kwa simu au kwa barua pepe. Namba hiyo Waingereza huiita "security code". Kazi yake ni kukufungulia mlango wewe peke yako.

Ukishaingia ndani, waweza kuomba namba ya pili, iitwayo "share code". Hii ina herufi na tarakimu 9. Ya kumwonyesha mwajiri huanza na herufi W, ya kumwonyesha mwenye nyumba huanza na R, na ya mambo mengineyo huanza na S. Hudumu kwa siku 90. Anayepewa huitumia pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, naye huona yale tu yanayomhusu.

Sasa tazameni, ndugu zetu. Namba ya kwanza haifai kupewa mtu yeyote. Namba ya pili imetengenezwa ili ipewe watu. Hata hivyo zote mbili huitwa "code", nazo hukutana katika safari moja, ndani ya dakika chache. Wakala yule alikwisha kupokea nakala ya pasipoti ya mama, yenye tarehe yake ya kuzaliwa. Lau angekuwa tapeli, tarakimu zile 6 ndizo pekee zilizobaki ili aingie katika akaunti na kubadilisha namba ya simu ya mwenyewe. Mama angefungiwa nje ya ruhusa yake ya kuishi na kufanya kazi.

Wala mambo hayaishii hapo. Anayetaka kumwonyesha mwajiri rekodi ya leseni yake ya udereva hupata namba ya namna ile ile ya pili, lakini huko imepewa jina jingine, "check code", na hudumu kwa siku 21. Serikali ni moja na kazi ni ile ile, ila majina ni mawili na muda ni tofauti. Tukienda benki, moja yasema "passcode", nyingine "PIN", nyingine yataka "neno la kukumbukwa". Mzee wetu mmoja alituuliza kama hivyo ni vitu vitatu au ni kimoja chenye majina matatu. Tulikiri kwamba inategemea benki.

Haki yatutaka tujitazame na sisi pia. Kiswahili chetu nacho hakijatulia katika jambo hili. Google huandika "nenosiri"; wengine huandika "nywila"; watu wa Dar es Salaam husema "namba ya siri" wanapotuma fedha kwa simu, na ndugu zetu wa Nairobi, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, husema "PIN" tu. Mtoto aliyezaliwa Newham husikia yote hayo kwa siku moja kutoka kwa shangazi mbalimbali, kisha sisi humtaka atutafsirie kwa haraka huku mtu anasubiri jibu.

Twakumbuka kwamba mlango wa namna hii una historia yake papa hapa London. Tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua mashine ya kutolea fedha huko Enfield, kaskazini ya jiji, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza duniani. Mbuni wake, John Shepherd-Barron, alisimulia baadaye kwamba alikusudia namba ya siri iwe na tarakimu 6, lakini mkewe Caroline alimwambia, wakiwa jikoni, kwamba yeye huweza kukumbuka tarakimu 4 tu. Kwa hiyo zikawa 4. Huyu fundi alimsikiliza mtu wa kawaida kabla ya kuujenga mlango. Laiti wanaoandika maswali ya leo wangemketisha jikoni mama yetu mmoja, wamsomee maneno yao, kisha wamtazame anavyofanya!

Wangejifunza nini? Kwanza, kitu kimoja kiitwe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kama ukurasa wa kwanza umesema "password", wa pili usiseme "passcode". Pili, masharti yatajwe kabla. Mtu aambiwe mapema kwamba neno liwe na herufi kadhaa, kuliko kukataliwa mara tatu bila sababu. Tatu, pawepo kitufe cha kuonyesha kile unachokiandika. Kurasa za serikali ya Uingereza zina muundo wenye kitufe hicho, nao wasaidia sana wenye macho mazito. Nne, panapotakiwa siri, pasemwe wazi kama ni ya kumpa mtu au si ya kumpa mtu.

Yapo yaliyokwisha kurekebishwa. Kituo cha taifa cha usalama wa mitandao, NCSC, kinashauri taasisi zisiwalazimishe watu kubadilisha maneno yao ya siri kila baada ya muda, kwa kuwa watu huishia kuchagua maneno dhaifu. Chashauri pia neno la siri lijengwe kwa maneno matatu yasiyohusiana. Twaongeza kwamba maneno hayo yaweza kuwa ya Kiswahili, mradi yasiwe majina ya watoto wala ya mji uliozaliwa.

Huku tukiwasubiri wengine, sisi tuanze nyumbani. Kuanzia toleo hili, jarida letu litatumia majina manne tu, nasi twaomba kila nyumba iyafundishe watoto wake wakalimani:

Neno la siri: ulilolichagua mwenyewe kwa herufi. Halitolewi.

Namba ya siri: tarakimu za kadi ya benki au za kutumia fedha kwa simu. Haitolewi.

Namba ya kuingilia: iletwayo kwa ujumbe wakati unapobisha hodi, na hufa baada ya muda mfupi. Haitolewi, hata kwa anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki au wa uhamiaji.

Namba ya kuonyesha: unayoiomba mwenyewe ukiwa umekwisha kuingia. Hii ndiyo hutolewa, tena kwa mhusika tu.

Neno "kodi" tuliache kwa mwenye nyumba na halmashauri. Mtu akikuomba "code", muulize: ni ya kuingilia au ya kuonyesha? Asipoweza kujibu, usimpe kitu. Ujumbe wa simu unaoutilia shaka, upeleke kwa namba 7726, bila malipo. Ukishuku anayejiita benki, kata simu, kisha piga 159, namba inayokuunganisha na benki nyingi za hapa.

Mama yule alipata namba yake ya kuonyesha jioni ile ile, iliyoanza na herufi R, na nyumba akaipata. Binti yake ameyaandika majina yetu manne kwa kalamu nyekundu na kuyabandika kwenye mlango wa jokofu. Twaomba nanyi mkate ukurasa huu mfanye vivyo hivyo.

Wasalaam, hadi mwezi ujao.