Ukakasi, Uchungu na Umri: Istilahi za Kutathmini Divai ya Barolo

Barolo, divai nyekundu ya vilima vya Langhe katika jimbo la Piemonte nchini Italia, hulihadaa jicho kabla ya kuufikia ulimi. Hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, nebbiolo, ambazo maganda yake hayatoi rangi nzito. Divai huonekana nyepesi katika glasi, na kadiri inavyozeeka ukingo wake huelekea rangi ya matofali. Mwonjaji anayepima nguvu kwa wingi wa rangi hukosea papo hapo. Nguvu yake imo kinywani: kileo kisichopungua asilimia 13, uchachu mkali na tanini nyingi.

Ni kwenye tanini ndipo msamiati wa mwonjaji unapojaribiwa. Tanini hutoka katika maganda na mbegu za zabibu. Zikikutana na protini za mate hushikamana nazo, na mate hupoteza utelezi. Ulimi hukauka, ufizi hukaza. Kuiita hali hiyo uchungu ni kuchanganya mambo mawili, kwa kuwa uchungu ni ladha, ilhali hili ni suala la mguso. Kiswahili kina neno lake, ukakasi, linalofahamika kwa yeyote aliyewahi kula bibo au kung'ata ndizi mbichi. Kuunda istilahi mpya hapa ni kujisumbua bure.

Tofauti hiyo haiishii kwenye kamusi. Miaka inapopita, molekuli za tanini huungana, nyingine hutuama chupani kama mashapo, na ukakasi hulainika. Kanuni za sasa za Barolo, yenye daraja la DOCG tangu 1980, huitaka ikomazwe kwa miezi 38, ambapo 18 kati yake ni ndani ya mapipa ya mbao. Ile ya riserva hukomazwa kwa miezi 62.

Kwa hiyo, mbele ya chupa changa, swali la mtathmini si kama ukakasi ni mwingi. Huuliza kama ni laini au wa kukwaruza, na kama uchachu na ladha ya tunda vitadumu hadi utulie. Tunda likitangulia kufifia, hubaki ukavu mtupu. Harufu nazo husaidia: waridi na cheri, kisha lami, ambayo kwingineko ingedhaniwa dosari lakini kwa Barolo ni sifa.

Fomu ya tathmini yenye safu moja ya "uchungu" haiwezi kuyabeba haya. Inahitaji safu mbili, na ile ya ukakasi iandikwe pamoja na umri wa divai. Vinginevyo mnunuzi ataikataa leo chupa ambayo ingemfaa miaka 10 ijayo.