Kihispania cha mpakani: 'kutetea' si kuwika

KYE-OSSI ni mji wa Cameroon unaotazamana na Ebebiyín ya Guinea ya Ikweta, na Gabon iko jirani kabisa. Kifang huzungumzwa katika nchi zote tatu. Lakini anayevuka kuingia Ebebiyín huacha Kifaransa nyuma na kukutana na Kihispania, kwenye karatasi za forodha na sokoni pia.

Hesabu na salamu hazichukui muda kujifunza. Kinachokwaza ni maneno ya sauti za wanyama yanapogeuzwa kumhusu mtu.

Chukua 'cacarear', sauti ya kuku au jogoo. Kwa Kiswahili, msanii anayewika amepata sifa. Kwa Kihispania, mtu anaye-'cacarear' anajigamba kupita kiasi. Mgeni anayefasiri neno kwa neno atadhani bidhaa zake zinasifiwa, kumbe ameambiwa ana maneno mengi. Wapo pia wasemao 'cacarear y no poner huevo', yaani kutetea bila kutaga: ndiye yule aliyeahidi mzigo Jumatatu, na Ijumaa hata gari halijaonekana. Kwa mfanyabiashara, sifa hiyo ikishaenea ni hasara.

'Ladrar' ni kubweka, na kwa mtu ni kufoka. Methali yao, 'perro ladrador, poco mordedor', husema mbwa hodari wa kubweka si hodari wa kuuma. 'Gruñir' ni mlio wa nguruwe, na pia ni kunung'unika chini kwa chini. Mnunuzi anayenung'unikia bei hivyo bado yuko mezani, asiachwe aende.

La kuogopa ni 'rebuznar', mlio wa punda. Kumwambia mtu hivyo ni kumwambia anaropoka upuuzi. Mbele ya ofisa wa forodha, lisijaribiwe hata kwa utani!

Mengine hayana ubaya. Tumbo lenye njaa hunguruma kama simba, 'rugir', kama ilivyo kwa Kiswahili. Mama anayembembeleza mtoto alale hutumia neno la njiwa, 'arrullar'. Aliyeondoka mbio, 'salió zumbando', alitoka akivuma kama nyuki.

Na kifaranga? Mlio wake ni 'pío'. Wauzaji wakisema mnunuzi 'no dijo ni pío' baada ya kutajiwa bei, hakutamka hata neno moja, la kukubali wala la kukataa.