Simu Nzima, Kiini Kibovu

Kwenye vibanda vya simu vya Migori mjini, Rongo na Mbita, simu hupimwa kwa macho. Kioo kisiwe na ufa, betri ikae na chaji, kamera ione. Ni nadra mnunuzi kuuliza kiraka cha mwisho cha usalama cha simu hiyo, yaani sasisho la kuziba udhaifu, kilitolewa lini, na hata akiuliza, muuzaji huenda asijue. Hapo ndipo simu huanza kuoza, na uozo huo hauonekani kwa nje.

Chini ya Android kuna keneli ya Linux, sehemu inayogawa kumbukumbu na kuamua programu ipi iguse nini. Kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya C, inayomwachia mwandishi wa programu kazi ya kuomba kumbukumbu na kuirudisha. Akisahau mahali pamoja, mashine haimzuii.

Chukua kosa lililosajiliwa kama CVE-2019-2215. Lilikuwa kwenye Binder, kiendeshi kinachopitisha ujumbe kati ya programu za Android. Binder iliachia kipande cha kumbukumbu, huku sehemu nyingine ya keneli iitwayo epoll ikiendelea kushika anwani ya foleni iliyokuwa ndani ya kipande hicho. Epoll ilipokuja kufanya usafi wake, iliandika mahali ambapo tayari pangeweza kuwa na mwenyewe mwingine. Ni kama mpagazi wa soko la Oyugis anayeshusha magunia kwa kufuata orodha ya zamani: mjanja akishajua orodha haijabadilishwa, hukodi kibanda kile kile na kungoja mzigo. Mshambuliaji hufanya hivyo hivyo. Hupanga data yake kwenye nafasi iliyoachwa, kisha hupata mamlaka juu ya simu nzima.

Kinachosikitisha ni kalenda. Kosa hilo liligunduliwa na chombo cha majaribio cha Google mwishoni mwa 2017, na mapema 2018 likarekebishwa kwenye Linux. Lakini wakati huo halikupewa namba ya udhaifu, na simu nyingi zilizokuwa sokoni hazikupata marekebisho hayo. Oktoba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, timu ya usalama ya Google, alitangaza kwamba kulikuwa na ushahidi wa watu kulitumia kushambulia. Miongoni mwa simu zilizokuwa wazi alitaja Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20 na Xiaomi Redmi 5A. Karibu miaka miwili dawa ilikuwepo, mgonjwa hakupelekewa.

Yakaja ya chipu za MediaTek, ambazo hutumika sana kwenye simu za bei nafuu. Udhaifu CVE-2020-0069 ulikuwa kwenye kiendeshi cha chipu hizo, ukimruhusu mtu kusoma na kuandika kumbukumbu ya keneli apendavyo. Kampuni ilitoa kiraka Mei 2019, ila hadi Machi 2020, Google ilipoutangaza, bado kulikuwa na simu nyingi zisizo nacho. Januari 2020 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilikuwa imeripoti programu za kijasusi ndani ya Play Store. Mojawapo, Camero, ilitumia makosa haya yote mawili. Mwenye kabambe yake, simu ya vitufe, anaweza kucheka hapa, na ana haki.

Kwa kaunti za Migori na Homa Bay suala hili haliishii kwenye PIN ya M-Pesa. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua vifaa vya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, pamoja na simu zenye mfumo wa taarifa za afya ya jamii, eCHIS. Ndani yake huingia taarifa za kaya: nani mjamzito, mtoto yupi anaumwa, nani kapewa rufaa. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zile zenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, na siri ya kliniki ikivuja kijijini hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data hizo azilinde. Sioni atazilindaje kwenye simu iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake.

Wahandisi hawajalala. Google inasema sehemu ya udhaifu wa Android utokanao na makosa ya kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, baada ya msimbo mpya kuandikwa kwa lugha salama kama Rust. Linux yenyewe iliipokea Rust katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kinachozorota ni njia ya kufikisha kazi hiyo kwa mtu wa Ndhiwa: mtengenezaji anayeacha kutoa masasisho mapema, na bando ambalo mtumiaji hawezi kulimwaga kwenye sasisho la mamia ya megabaiti.

Mtu binafsi afungue Mipangilio, atazame tarehe ya sasisho la usalama, na aepuke programu za kutumiwa kwa WhatsApp, kwa sababu mashambulizi mengi ya keneli huhitaji kwanza mguu ndani ya simu. Hiyo inapunguza hatari tu. Uingereza tangu Aprili 2024 inamlazimu mtengenezaji kutaja muda wa masasisho. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai miaka mitano ya masasisho baada ya simu kuacha kuuzwa. Mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay hayatungi sheria za biashara ya simu, lakini hupitisha bajeti. Kabla ya kupitisha fedha za simu za wahamasishaji wa afya, yadai tarehe ya kiraka cha mwisho iandikwe kwenye zabuni.