Ni Kitu Gani Ambacho Sheria Hukiita Hatari Baharini?

Nahodha akiona gogo likielea mbele ya chombo chake, hana haja ya kuuliza maana ya hatari. Hugeuza usukani akapita. Lakini sheria haina budi kuuliza, kwa kuwa kitu kikiisha kuitwa hatari, yuko mtu atakayelazimishwa kukiondoa na kulipa gharama. Yafaa basi wasomaji wetu, wa pwani na wa bara, wafahamu maana ya neno hili.

Tazama mambo yaliyotokea katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 14 Desemba 2002, meli ya Norway iitwayo Tricolor iligongana na meli nyingine ikazama, nayo imepakia magari karibu 3,000. Mabaharia wote waliokolewa. Meli ililala ubavu katika maji ya kina cha meta 30 hivi, hata ubavu wa juu ukawa karibu na uso wa maji. Maonyo yalitolewa kwa redio. Hata hivyo, siku mbili tu baadaye meli iitwayo Nicola iliipanda. Na tarehe 1 Januari 2003 meli ya mafuta, Vicky, ikaigonga vilevile. Hivyo msiba wa baharini hauishi meli inapozama.

Tarehe 18 Mei 2007 wajumbe wa mataifa waliokutana Nairobi, mji ulio mbali na bahari, walikubaliana juu ya mkataba wa kuondoa mabaki ya meli. Mkataba huo, uitwao Mkataba wa Nairobi, ulianza kutumika tarehe 14 Aprili 2015, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoukubali.

Mkataba hueleza kwanza maana ya mabaki. Ni meli iliyozama au iliyopanda mwamba baada ya ajali. Ni sehemu yake yoyote, au kitu kilichokuwa ndani yake. Ni shehena iliyopotea kutoka melini, hata ikiwa ingali ikielea. Tena ni meli iliyo karibu kuzama, ikiwa haijapata msaada wa kutosha.

Lakini si mabaki yote yaliyo hatari. Huitwa hatari kwa moja ya sababu mbili: ama yanazuia au kuhatarisha safari za vyombo, ama yanatazamiwa kuleta madhara makubwa kwa bahari, pwani, na riziki ya watu waishio huko, kama vile wavuvi. Kwa hiyo meli iliyolala mbali chini, isiyo na mafuta wala sumu, huenda isiwe hatari. Na nyingine iliyo sawa nayo, ikilala penye maji haba katika njia ya kuingia bandarini, ikawa hatari kubwa. Wenye kuamua hupima kina cha maji, kujaa na kupwa kwake, nguvu ya mikondo, wingi wa vyombo vipitavyo, na aina ya shehena.

Kazi zilizowekwa na mkataba ni hizi. Kwanza, nahodha na msimamizi wa meli hutoa habari za ajali bila kukawia. Pili, Serikali huhakikisha kwamba mahali hapo pamewekwa alama, na mabaharia wameonywa. Tatu, mabaki yakiisha kuamuliwa kuwa ni hatari, mwenye meli huyaondoa kwa gharama yake. Asipofanya hivyo katika muda aliopewa, Serikali yaweza kuyaondoa na kumdai, lakini isifanye kupita kadiri ya hatari yenyewe. Ili asipate kusema hana fedha, kila meli yenye kipimo cha tani 300 au zaidi yapasa kuwa na bima. Mwenye meli husamehewa gharama akithibitisha kwamba ajali ilitokana na vita, au na uzembe wa Serikali katika kutunza taa za kuongozea meli.

Mkataba huu una mipaka yake. Huhusu hasa eneo la bahari lifikalo maili 200 za baharini kutoka pwani. Maji yaliyo karibu na nchi huingia iwapo nchi yenyewe imetaka. Magugu-maji yanayoziba njia za mitumbwi huko Kisumu ni hatari kweli, lakini si mabaki ya meli, na hayana mwenyewe wa kudaiwa. Mambo ya ziwani hutazamwa kwa sheria nyingine.

Mvuvi anaweza kusema, "Haya ni ya wenye meli kubwa." Sivyo. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kasha la chuma likielea, au mlingoti ukichomoza maji yakipwa. Na akumbuke mahali hapo, kisha awaarifu wakuu wa bandari iliyo karibu siku ile ile. Akinyamaza, chombo kitakachopita hapo usiku huenda kikawa cha ndugu yake.